Aliaga, au alifariki?

Wiki hii mmetuuliza: mara ya mwisho kukutana na watu uliofanya nao kazi zamani ilikuwa lini, na mlizungumza nini? Kwangu mimi ilikuwa Jumanne, River Road, katika duka la mchapishaji ambalo upana wake haupiti wa matatu, na tulichozungumza zaidi ni neno moja.

Nilikuwa mhariri msaidizi wa gazeti la Kiswahili hapa Nairobi kwa miaka 24, mpaka asubuhi tulipokabidhiwa barua za kupunguzwa, watu 11, kabla ya chai ya saa nne. Gazeti silitaji. Zamani tulikuwa tukikutana kwenye harusi za watoto wetu. Watoto wa kuoza wamekwisha, sasa tunazikana.

Safari hii aliyetutoka ni mkuu wa meza yetu, mtu aliyesoma kila mstari tulioandika na kuuonea shaka. Mwanawe alikuwa ametayarisha kijitabu cha mazishi, kurasa nane, kwa Kiswahili kama mzee alivyoagiza. Basi la kwenda Taita lilikuwa liondoke Alhamisi usiku, kwa hiyo akatuomba tukipitie haraka. Kuwapa wahariri watatu wastaafu na mpiga picha mmoja prufu, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, kisha uwaambie wana nusu saa, ni kujitafutia balaa.

Tuligawana kurasa bila kuulizana. Mwenzetu wa Mombasa akachukua jalada, maana ukurasa wa kwanza ulikuwa wake tangu hapo. Mwingine akachukua nyimbo na ratiba, mpiga picha akachukua picha, mimi nikaachiwa wasifu. Kalamu nyekundu zikatoka mifukoni, na naapa hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake aje nayo. Katika aya ya pili nikakuta kwamba marehemu alizaliwa 1949 na kuajiriwa 1957.

"Alianza mapema," mpiga picha akasema.

Ilipaswa kuwa 1975. Mwana aligeuza tarakimu tu, lakini tulicheka hadi kijana wa mashine akatoka nyuma kuona kuna nini.

Hapo ndipo za kale zilipofumuka. Vijana wa leo hawajui kwamba kurasa zilikuwa zikibandikwa kwa mkono: maneno yanatoka kwenye karatasi ya bromaidi, yanapakwa nta nyuma, yanalazwa juu ya meza yenye taa. Herufi ikikosewa, inakatwa kwa wembe na kubandikwa nyingine. Nimemwona yule mzee akihamisha nukta kwa ncha ya wembe, amezuia pumzi, na huku dereva wa kupeleka kurasa mtamboni anapiga honi chini.

Redio ilikaa mezani pake. Enzi za Moi, waziri aliweza kuteuliwa au kufutwa kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, akasikia mwenyewe redioni kama mwananchi mwingine yeyote. Ikikaribia saa saba, chumba kizima kilinyamaza, hata taipureta.

Na maneno, jamani. Taarifa za serikali zilikuja kwa Kiingereza, Kiswahili chake tukakitafute wenyewe. Mwaka 1988, KANU, chama pekee wakati huo, ilipowapanga wapiga kura foleni nyuma ya wagombea katika mchujo wake, sisi tulikuwa tukihangaika na kamusi. Yeye akauliza tu, "Huko nje watu wanauitaje?" Wanauita mlolongo. "Basi ni mlolongo." Lakini tarakilishi hakulipitisha hata siku moja. Alisema kompyuta haijaja kulalamika kwamba haipendi jina lake.

Turudi River Road. Nilifika mstari wa mwisho wa wasifu: "Aliaga dunia usiku wa Jumatano, nyumbani kwake."

Kalamu yangu ilishuka yenyewe. Hilo ndilo neno alilotukatia miaka yote. Kuaga, alikuwa akisema, ni kazi ya mtu anayeondoka akijua anaondoka. Aliyegongwa na lori Mlolongo (mji, si kura) amemuaga nani? Andika alifariki. Kenya nzima inaandika aliaga dunia, magazeti yote, matangazo yote ya vifo, ila ukurasa uliopitia mikononi mwake.

Nikafuta, nikaandika alifariki. Mwenzetu wa Mombasa akakubali. Mpiga picha akakataa. Alisema kitabu ni cha familia, si chetu, na kwamba kuwasahihisha wafiwa ni utovu wa adabu. Tukavutana, sauti zikapanda, na mzee mzima mwenye fimbo akaniita kichwa ngumu, jina ambalo sijaitwa tangu nikiwa na nywele.

Mwishowe mpiga picha akampigia mjane simu, akaweka spika.

"Shemeji, pole kwa kukusumbua. Usiku ule ilikuwaje?"

Kimya kidogo. Kisha akatusimulia. Baada ya chakula aliwaita watoto waliokuwepo, na waliokuwa mbali akawapigia simu, mmoja mmoja. Akamwonyesha yeye mkewe mahali alipoweka hati ya shamba. Akasema kwaherini, akaomba taa izimwe. Saa nane alipoamka kumtazama, alikuwa ameshakwenda.

"Alituaga sote," alisema. "Mlikuwa mnataka nini, shemeji?"

"Hakuna. Tulikuwa tunahakikisha tu."

Nikachukua kalamu. Chini ya neno nililofuta nikaweka vinukta, ile alama yetu ya kumwambia mpanga chapa aache kama kulivyokuwa. Kijana wa mashine aliitazama, hakuielewa, ikabidi nimweleze. Kisha akauliza ni nani kati yetu atakayelipia prufu ya tatu.