Maziwa yapo, watoto wa nguruwe wanakufa

SWALI: Nguruwe wangu kazaa watoto 13. Maziwa anayo, lakini wadogo wanne wamekufa ndani ya siku mbili. Kwa nini? – Mfugaji, Mbozi

JIBU: Maziwa kuwepo ni jambo moja, mtoto kuyapata ni jingine. Huzaliwa karibu bila kinga. Anaipata kwenye dang'a (maziwa ya kwanza ya mama), na baada ya saa 24 hivi utumbo hauipokei tena. Siku hiyo ya kwanza anahitaji walau gramu 200 za dang'a. Mwenye chini ya kilo 1 hupoa haraka, hulegea, husukumwa na wenzake, kisha hulaliwa na mama. Wengi humlaumu mama, kumbe njaa ilitangulia.

Mkaushe mara anapozaliwa, umweke kwenye kona yenye nyuzi joto 32–34. Mtie kidole mdomoni: ukiwa wa baridi, mpashe joto kwanza. Wakubwa wenye matumbo ya mviringo watie alama, uwafungie kwenye boksi lenye joto kwa saa moja hivi, wadogo wanyonye kwa nafasi. Asiyeweza kunyonya, mkamulie mama umpe mililita 10–15 kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe!), polepole, pembeni mwa mdomo. Ukiharakisha yataingia mapafuni.