Misuli kukaza baada ya "kusafisha mwili": je, ni sumu inayotoka?

SWALI: Daktari, nina miaka 52 na natumia amlodipini 5 mg na hidroklorotiazidi 25 mg kwa ajili ya presha. Wiki tatu sasa nakunywa chai ya kusafisha mwili yenye sanamaki na mzizi wa likorisi, vikombe viwili kwa siku. Misuli ya miguu inakaza usiku, nachoka haraka, moyo unaruka mapigo, na presha imepanda hadi 158/96. Aliyeniuzia anasema ni sumu zinatoka, nivumilie, na ikiwezekana niache vidonge. Nifanyeje?

JIBU: Acha chai leo. Vidonge usiviache. Halafu nenda leo hii hospitali upimwe potasiamu, magnesiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Moyo kuruka mapigo si jambo la kusubiri kesho, na ukizimia au miguu ikikosa nguvu, hiyo ni dharura.

Hakuna sumu inayotoka hapo. Kinachokutoka ni potasiamu, tena kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Hidroklorotiazidi huitoa kwenye mkojo. Daktari aliyekuandikia alilijua hilo. Sanamaki ikitumiwa kila siku huitoa kwa choo cha majimaji. Likorisi ndiyo mbaya zaidi katika hali yako: ina glisirizini, inayozuia kimeng'enya cha figo ambacho kazi yake ni kuizima kotisoli, homoni ya mwili. Kotisoli isipozimwa, figo huipokea kana kwamba ni aldosteroni, homoni inayoongoza chumvi mwilini: hushika chumvi na maji, na kumwaga potasiamu. Ndiyo maana presha imepanda ingawa unameza vidonge. Kiwango cha kawaida cha potasiamu kwenye damu ni takriban 3.5 hadi 5.0 mmol/L, ikishuka chini ya 2.5, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hata kuua.

Usijinunulie vidonge vya potasiamu. Ikizidi, nayo husimamisha moyo, kwa hiyo kipimo kitangulie. Athari ya likorisi huweza kubaki hadi wiki mbili baada ya kuiacha. Pima presha asubuhi na jioni baada ya kukaa umetulia dakika 5, uandike, na mwachie daktari wako uamuzi wa kubadili dawa.

Sasa hilo la "vumilia, sumu zinatoka". Kauli hii inanikera kuliko zote, kwa sababu inageuza kila dalili ya hatari kuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Ukiharisha, unasafishika. Ukipata upele, damu inajisafisha. Mgonjwa wa namna hiyo atafika lini hospitali? Sumu halisi ina jina na ina kipimo: madini ya risasi, kwa mfano, hupimwa kwenye damu. Mwulize muuzaji anatoa sumu gani na ataipimaje. Asipokuwa na jibu, hana tiba.

Miongoni mwa misingi ya tiba asilia ni kutodhuru na kutafuta chanzo cha ugonjwa. Kliniki inayoifuata huorodhesha kwanza kila kidonge, chai na unga unaotumia. Hupima presha, na inapobidi figo na ini, kabla ya kukupa mmea wowote. Huanza na jambo jepesi zaidi: kama shida ilikuwa choo kigumu, ni maji, nyuzinyuzi na mwendo, sanamaki huja baadaye, kwa siku chache, haizidi wiki moja au mbili. Dalili mpya ikitokea, dawa husimamishwa kwanza, ndipo maelezo yatafutwe. Anayekuambia uache vidonge vya presha bila hata kukufunga mashine ya presha mkononi si mtaalamu wa tiba asilia. Ni mchuuzi.

Na msitosheke na neno "asili" kwenye pakiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, makumi ya wanawake waliokuwa wakipunguza uzito waliharibikiwa figo kwa sababu mmea mmoja uliingizwa mahali pa mwingine: Aristolochia badala ya Stephania. Mimea yote miwili ni ya asili. Pakiti iandike jina la kisayansi la kila mmea, sehemu iliyotumika (jani, mzizi au gome) na miligramu kwa kila dozi. Likorisi ni Glycyrrhiza glabra. Ukiiona na una presha, rudisha.

Pakiti yako usiitupe, hata kama imeisha. Nenda nayo hospitali pamoja na vidonge vyako.