Maswali ya Wapiga Gitaa: Besi Ndiyo Inayotaja Kodi

SWALI: Nimetyuni gitaa DADGAD (noti za nyuzi zake sita, kuanzia ule mnene). Nazunguka kodi nne, yaani mafungu manne ya noti zinazopigwa pamoja. Nikihesabu freti kutoka uzi wa sita (mnene) hadi wa kwanza, x ikiwa uzi usiopigwa, ni hizi: 000200, x24200, 550000, x02200. Programu ya simu inaiita ya tatu mara Gsus2, mara Dsus4. Ipi sahihi? Na niko ki gani, yaani noti ya nyumbani ya wimbo ni ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Weka kando maumbo ya vidole uliyozoea, maana hapa yanadanganya. Andika noti za kila uzi, kisha zisome kwa solfa (do, re, mi), D ikiwa do. Nyuzi tupu, kuanzia wa sita, ni do, so, do, fa, so, do. Kila freti inapandisha nusu toni.

Kodi ya kwanza ni D A D A A D: do na so tu. Haina mi, noti ya tatu inayoamua meja au maina, hivyo peke yake si meja wala maina. Ya pili ni B F# A A D, yaani Bm7 (B maina yenye noti ya saba). Hiyo F# ndiyo mi uliyokuwa ukiikosa, nayo inathibitisha kwamba uko D meja.

Ya tatu ndiyo yenye utata: G D D G A D. Noti ni tatu tu, G, A na D. Zikisimama juu ya G ni Gsus2, zikisimama juu ya D ni Dsus4 (sus: noti ya 2 au ya 4 imeshika nafasi ya noti ya 3), ndiyo maana programu inayumba. Mwamuzi ni besi, noti ya chini kabisa. Umebana freti ya tano ya uzi wa sita, ambayo ni G, kwa hiyo ni Gsus2, kodi ya IV (iliyojengwa juu ya noti ya nne ya ki). Lakini mpiga besi wenu aking'ang'ania D, msikilizaji atasikia bado mko nyumbani, na safari ya kwenda IV itapotea kabisa.

Ya nne, A E A A D, ni Asus4, yaani V. Mzunguko wako basi ni I, vi, IV, V. Kama kurudi D kunasikika kulegea, ni kwa sababu ti (C#) haipo. Badala ya Asus4 piga x0224x, uzi wa kwanza unyamazishe, la sivyo D yake itagombana na C#.

Kodi ya kwanza ukitaka kuijaza, 004200 ni D meja, 003200 ni D maina. Tunakusihi usiijaze kila mara. Uwazi huo ndio utamu wa tyuni hii, ambayo Davey Graham wa Uingereza aliieneza miaka ya 1960.

SWALI: Mbona DADGAD yangu haitulii, na uzi wa sita unakereza kwenye freti?

JIBU: Unaposhusha uzi, pitiliza chini ya noti, kisha panda hadi ufike; ukiishia kwa kushuka, uzi hunasa kwenye nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa cha gitaa) na baadaye huteleza. Kutoka tyuni ya kawaida, shusha wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja toni nzima, halafu rudia kuzikagua zote. Freti ya 7 ya uzi wa sita ilingane na wa tano mtupu. Freti ya 2 ya uzi wa tatu ilingane na wa pili mtupu. Kukereza husababishwa na ulegevu: kwenye gitaa la akustika, badili seti nyembamba uweke yenye uzi wa sita wa unene wa inchi 0.053 au 0.056.