Fursa haipigi hodi bwenini: maswali ya wanafunzi wa theolojia na masomo ya dini, Dar

Tangu vyuo vifunguliwe, barua za wanafunzi wa theolojia na wa masomo ya dini zimezidi za watu wengine wote. Nimechukua zile zinazoulizia matukio ya vyuoni, ufadhili na fildi. Majina nimeyaacha, maana baadhi yenu mmewataja maaskofu wenu kwa maneno ambayo yangewagharimu.

Shikamoo Mwalimu. Ubao wa matangazo chuoni umejaa: kongamano, semina, warsha, mkesha, maadhimisho. Nikienda kote nitapata sapu. Nichague vipi? (Mwaka wa pili, Buguruni)

Marahaba. Soma tangazo lote hadi chini. Likiwa na mgeni rasmi, mwakilishi wa mgeni rasmi, kwaya nne na mada moja ya dakika ishirini, hiyo ni sherehe. Nenda kama una hamu ya pilau. Likiwa na mzungumzaji mmoja, mtu wa kumjibu na saa nzima ya maswali, hilo ni darasa ambalo hukulilipia ada.

Mimi ningekutuma kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa chenye jina lake. Kilianzishwa 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, na tamasha lake la kitaaluma limezoeleka kufanyika Aprili, Ukumbi wa Nkrumah. Si tukio la theolojia, na ndiyo sababu nakutuma. Utasikia watu wakibishana juu ya ardhi, madeni na umajumui wa Afrika, na hakuna atakayefungua kwa "Bwana asifiwe". Hapo utajipima kama unalo la kusema ukiwa huna mimbari. Kabla hujaenda, tafuta hotuba ambayo Nyerere aliitoa kwa masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini na kudhalilishwa, litakuwa halina maana tena kwao. Ukiisoma hiyo, utaingia Nkrumah ukiwa na swali la kwako mwenyewe.

Julai kuna maonesho ya elimu ya juu viwanja vya Mnazi Mmoja, chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa anayefikiria shahada ya uzamili ndani ya nchi, pale anazungumza na vyuo vingi kwa nauli ya siku moja. Vyeti vya ushiriki, vile vya kukusanya kwenye faili la plastiki, sijawahi kuona mtu akiajiriwa navyo.

Mwalimu, natafuta ufadhili wa kusoma nje. Nimetuma maombi kila mahali, kimya. Kuna jamaa Kariakoo anataka laki tatu anitafutie nafasi. (Mhitimu, Kimara)

Laki tatu zako zibaki mfukoni. Chuo chenyewe kinaweza kutoza ada ya maombi, na vingi ukiwaandikia kueleza hali yako wanakusamehe. Lakini ufadhili wa kweli hauna dalali.

Kuna jambo ambalo wahitimu wengi hawaambiwi mpaka wamechelewa: katika theolojia, milango mingi haimfungukii mwombaji akiwa peke yake. Kanisa lake ndilo linalogonga. Ufadhili wa Shirikisho la Kilutheri Duniani unapitia kanisa mwanachama, ambalo hapa kwetu ni KKKT. Ukijitumia mwenyewe hadi Geneva, barua yako haina mwenyewe. Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, iliyo chini ya Baraza la Makanisa Duniani na inayofundisha karibu na Geneva tangu 1946, nayo inataka uthibitisho wa kanisa. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT iko ndani ya VEM, ushirika wa makanisa wenye makao Wuppertal, Ujerumani, na ubadilishanaji wa watu ni sehemu ya kazi yao.

Kwa hiyo nakurudishia swali. Ofisi ya dayosisi yako inakujua? Umehudumu wapi tangu uhitimu? Wengi hutokea ofisini siku ya kuomba sahihi tu, na katibu anawatazama kama mtu aliyekuja harusini bila kadi. Kama umekaa mwaka mzima Kimara ukituma barua pepe, na usharika wako haujui hata kwamba umemaliza chuo, anzia hapo.

Kanisa lako likiwa dogo, lisilo na ndugu Geneva, bado kuna njia. DAAD, shirika la Kijerumani la ubadilishanaji wa wanataaluma, inafadhili masomo Ujerumani, na Kijerumani unaweza kuanza kukisoma Goethe-Institut, Upanga. Marekani, shule za theolojia kama za Harvard na Yale hutoa misaada kwa kuangalia hali ya mwombaji. Jua tu unaomba nini: ile shahada yao ya kumwandaa mtu kwa uchungaji huchukua miaka 3, ya kitaaluma miaka 2. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba inayofuata, kwa hiyo anayeanza kuhangaika Machi anaomba ya mwaka wa mbele yake.

Barua ya kusudi ndiyo inayowaangusha vijana wetu. "Nina wito tangu utotoni na nataka kulitumikia taifa" imeandikwa na kila mtu. Andika jambo unalolijua wewe kuliko msomaji wako wa kule. Kwa mfano, mchungaji wa Dar anazikaje mtu ambaye ukoo wake unataka matanga ya mkoani, familia inataka kuaga nyumbani Mbezi, na wenye jumuiya wana ratiba yao? Hilo ni somo zito la theolojia, nawe umelishuhudia. Na waalimu wanaokuandikia barua za kukupendekeza uwape mwezi mzima. Ukimpigia mtu Ijumaa usiku akuandikie kufika Jumatatu, utapata barua inayofanana na usiku huo.

Asalaam alaykum. Mimi ni binti wa Kiislamu, nasoma Mlimani. Naalikwa kwenye midahalo ya dini mbalimbali lakini wenzangu wananiambia nitapotea. Nikienda, naombwa niseme "msimamo wa Waislamu". (Changanyikeni)

Waalaykum salaam, mwanangu. Wenzako wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Wengi wetu tulipoanza kusikia habari za dini mbili kukutana, ilikuwa ni mihadhara ya viwanjani: vipaza sauti viwili, kila mmoja na kitabu cha mwenzake mkononi akitafuta aya ya kumnyamazisha. Wakisikia "mdahalo" wanakumbuka hayo. Waeleze kwamba hapa unakwenda kusoma, na mwalike mmoja mfuatane.

Hilo la msimamo likatae kwa adabu. Sema: "Mimi ni mwanafunzi, nazungumza nilichosoma. Waislamu wana Mufti." Halafu endelea na hoja yako. Wanaokualika mara nyingi hawana nia mbaya, wamekosa tu Muislamu wa pili kwenye orodha, na dawa yake ni kuwatajia majina ya wengine watano.

Ungependa kuwasilisha mada? Kuna moja iko mezani inasubiri mtu wa Pwani. Qurani kwa Kiswahili ilitafsiriwa kwanza na padri wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale, ikatoka 1923. Mwaka 1953 ikaja ya Waahmadiyya. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na baadaye Kenya, akatoa yake 1969. Chukua sura moja fupi, ziweke tafsiri zote tatu pamoja na maelezo yao ya chini ya ukurasa, uone nani anajibizana na nani. Idara ya Falsafa na Masomo ya Dini iko hapo hapo Mlimani, kamwulize mwalimu kama atakusimamia. Na Wakristo wakija kukusikiliza watakuwa na la kujibu, maana Dale ni wa kwao.

Mwalimu, fildi nimepangiwa hospitali, wodini. Wenzangu wamepata sharika zenye gari na chakula. Naogopa. (Mwaka wa tatu, Tabata)

Usiombe kubadilishiwa. Kuendesha ibada utajifunza maisha yako yote. Kukaa kimya kando ya mtu anayeumia hakuna mahali pengine utakapofundishwa ukiwa bado na msimamizi wa kumlilia jioni.

Siku ya kwanza, kabla ya kitanda chochote, mtafute muuguzi msimamizi wa zamu. Mpe barua ya chuo, mwulize nani yuko tayari kuonwa leo na nani aachwe apumzike. Muuguzi akikukubali, wodi imekukubali. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa. Faili lake usiliguse. Usimwambie atapona, hujui. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu. Hilo nalo hujui, hata kama umelifanyia mtihani ukapata A. Mwulize jina, ametoka wapi, nani anamletea chakula. Muhimbili inapokea rufaa kutoka mikoa yote, na mara nyingi aliye katika shida kubwa siku hiyo ni ndugu anayeuguza: hana pa kulala mjini hapa na simu imeisha chaji. Ukilijua hilo umeshapata la kufanya. Fedha usiahidi, idara ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo njia, na kazi yako ni kumfikisha mtu mlangoni pao.

Wodini hakuna safu ya Wakristo na safu ya Waislamu. Asiye wa dini yako msalimie, mwulize kama angependa umwitie mtu wa kwao. Akikuomba mwenyewe umwombee, omba kwa ufupi na bila kumhubiria aliye kitanda cha pili. Jioni andika daftari, jina la mgonjwa usiliandike.

Ukipangiwa Ocean Road, taasisi ya saratani, jiandae zaidi. Pale utakutana na watu ambao tiba imebaki kuwa kutuliza maumivu, na wanalijua hilo kabla yako. Ukiona kazi hii imekushika, hospitali ya KCMC kule Moshi imekuwa ikitoa kwa miaka mingi mafunzo ya uchungaji wa hospitali. Waandikie kabla hujahitimu.

Chuo chetu cha Biblia kinatoa digrii kwa miezi tisa. Nitakubalika kwenye uzamili? (Mbagala)

Hapana. Shahada inatambuliwa na TCU, astashahada na stashahada ni za NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na orodha zao ziko wazi kwa kila mtu. Kama mafunzo hayo yanakufaa kwa huduma ya kanisa lako, yamalize kwa amani. Ila kwenye wasifu wako usiyaite digrii.

Kijana wangu anasomea uchungaji. Kila Jumamosi yuko kwenye kongamano, nyumbani anakuja kufua tu. (Mama, Ukonga)

Mama, shukuru anakuja. Jumamosi moja mwambie akuchukue muende wote. Kama ni kongamano kweli, utajua ndani ya nusu saa.

Bumu halitoshi, wengine hatuna kabisa. Kuna kazi gani kwa mtu wa theolojia? (Wengi, sehemu mbalimbali)

Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo kila mwaka. Usome wa mwaka huo, siyo uliosimuliwa na kaka yako. Kazi zipo ndogo ndogo. Sekondari zina kipindi cha dini, na Baraza la Mitihani linatahini masomo ya dini kidato cha nne na cha sita, Ukristo na Uislamu. Mwanafunzi mwenye maelezo mazuri hakosi shule ya kujitolea kwanza na kulipwa baadaye. Redio pia: Upendo FM iko hapa mjini, na Radio Maria inategemea sana watu wa kujitolea. Huko hulipwi, unajifunza kusema jambo kwa dakika tatu, ambalo chuoni hakuna anayelifundisha.

Wanaouliza vitabu: Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tangu Mwalimu Nyerere aifungue Desemba 1967. Maktaba mpya ya Mlimani, ya 2018, ina viti zaidi ya elfu mbili. Kama si wa pale, nenda na barua ya chuo chako. Mtandaoni, Globethics ina maktaba ya bure ya theolojia na maadili, na JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, hukuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi ukijisajili.

Sisi ni wanafunzi wa vyuo vitatu, dini na madhehebu tofauti, tunataka kuandaa siku yetu ya kukutana. Bajeti hatuna. (Kinondoni)

Bajeti ikiwepo mtaalika mgeni rasmi na yote yataharibika, kwa hiyo mmeanza vizuri. Barua kwa mlezi wa wanafunzi wa chuo kimoja, darasa moja, andiko moja mlilolisoma wote kabla, viti mviringo, meza kuu hakuna. Siku ni mtihani: Ijumaa mchana mnawakosa Waislamu, Jumamosi Wasabato, Jumapili mnajikosa wenyewe. Jumatano saa kumi inafaa. Mmalize kabla ya Magharibi, wa Gongo la Mboto wapate gari.

Mkitaka ya pili iwe ya kutembea, subirini sikukuu ya kitaifa, mji ukiwa hauna foleni. Pandeni mwendokasi hadi Kivukoni. Azania Front ya Walutheri, iliyoanza kujengwa 1898, na Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki, ya 1897, zote zilikamilika 1902 na ziko jirani kabisa. Mkipanda kuelekea Kisutu mnakuta misikiti ya Wasuni na ya Mashia na mahekalu ya Wahindu, yote ya kufikika kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kila mahali pawe na mwenyeji wa kuwapokea. Barua zitangulie wiki mbili, na masharti ya viatu, ushungi na picha yaulizeni kwa simu mapema, msisubiri kufundishwa mlangoni.