Rush, ile bendi ya rock ya Kanada, wa 76 na wa 85 ni bendi moja kweli? Naipenda albamu yao ya 2112, ila hawa wa 85 sauti yao ni ya kinanda.

Ndio ni walewale watatu kaka, Geddy Lee (sauti na besi), Alex Lifeson (gita) na Neil Peart (dramu), hakuna aliyebadilishwa hapo katikati. Aliyebadilishwa ni mpiga dramu wa kwanza, John Rutsey, alipiga albamu ya 1974 tu ndo akaja Peart, na huyo ndo akawa mwandishi wa mashairi pia. Hiyo 2112 ya 1976 unayoipenda ilitoka baada ya albamu ya kabla yake, Caress of Steel, kubuma, kampuni ya rekodi ilitaka nyimbo fupi za redioni wao wakajibu na wimbo wa dakika 20 unaojaza upande mzima wa sahani ya santuri, na albamu ikauza 😂

Sasa sauti unayosema "ya kinanda" ilianza taratibu, albamu ya Moving Pictures ya 1981 bado gita na sintesaiza (kinanda cha umeme) zinaenda sawa (kwangu hapo ndo kilele, bishaneni), ila kuanzia Signals 1982 hadi Hold Your Fire 1987 kinanda kimekaa mbele na gita la Alex unalitafuta. Mcheki Geddy kwenye video za laivu za enzi hizo uone, anaimba, vidole viko kwenye besi, mguu unakanyaga pedali za sintesaiza chini, yote kwa mpigo mmoja, maana walikataa kuongeza mtu wa nne.

Kama hutaki kinanda ruka moja kwa moja hadi Counterparts 1993, halafu Vapor Trails 2002, hiyo haina kinanda hata kidogo.