Kabla ya kukariri kombo (mapigo ya mfululizo), ijueni Tougeki

Wadogo zangu mnaojiandikisha kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya gemu za kupigana, someni kwanza habari za Tougeki. Ni mashindano yaliyoanza Japani mwaka 2003, yakiandaliwa na Enterbrain, wachapishaji wa jarida la Arcadia. Michujo ilichezwa kwenye kumbi za gemu, gemu nyingi kwa timu, na ilikuwa mtoano: mkifungwa mara moja, safari imeisha.

Kwa Wajapani hilo halikuwa geni. Kwenye kumbi zao mashine mbili hupeana mgongo, hivyo humwoni mpinzani wako. Unasikia tu vitufe vyake vikigongwa upande wa pili. Mshindi anabaki kitini. Aliyefungwa anampisha mwingine, au anatumbukiza tena sarafu ya yeni 100. Kila pambano lina gharama, na hapo ndipo mtu anapojifunza kutulia. Mimi nilifanya mazoezi miezi mizima dhidi ya kompyuta, nikatolewa raundi ya kwanza. Vidole vilijua kila kitu, ila sikuwahi kucheza pambano lenye cha kupoteza. Tangu siku hiyo, tukikutana kufanya mazoezi, anayefungwa anatoa padi na kwenda mwisho wa foleni.

Mtazameni Daigo Umehara, aliyekulia kwenye kumbi hizo, kwenye Evo 2004, mashindano makubwa ya gemu za kupigana kule California. Ken, mhusika wake kwenye gemu ya Street Fighter, alibakiza uhai kiduchu, hata kukinga tu kungemmaliza, maana pigo kali hukata uhai kidogo hata likikingwa. Mpinzani wake, Justin Wong, akaachia mateke ya mhusika wake Chun-Li, mapigo 15 mfululizo. Daigo akayapangua yote bila kupoteza uhai, moja baada ya jingine, kila moja kwa wakati wake barabara, kisha akamaliza kwa kombo yake. Nimeirudia video hiyo mara nyingi sana, na bado nashika pumzi.

Tougeki ya mwisho ilikuwa 2012. Evo Japan ikaanza Tokyo Januari 2018. Huko mtu hutolewa akifungwa mara mbili, kwa hiyo msikusanye virago baada ya kipigo cha kwanza. Mwaka 2019, Fukuoka, Arslan Ash wa Pakistan, ambaye wengi hawakuwa wakimjua, alitwaa ubingwa wa gemu ya Tekken 7, kisha akasema kwao wapo wakali wengine wengi. Alinolewa na watu wa nyumbani.

Basi yule anayewafunga kila Jumamosi msimkimbie. Kaeni naye pambano likiisha, mumuulize: "Kaka, ulijuaje kwamba nitaruka?"