Maswali ya Wasomaji: Darsa ya Simuni, Sala ya Jamaa na Mfuko wa Pamoja

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Tangu Ramadhani iliyopita tumekuwa tukirusha kwa simu darsa ya baada ya Isha, na wenzetu wenye asili ya kijiji hiki walioko Muscat, London, Dar es Salaam na Unguja mjini wamejiunga kwa wingi, hata baadhi yao walioondoka wakiwa watoto wadogo tumewajua upya kwa njia hiyo. Wameanza pia kutuma michango, na kwa michango hiyo tunakusudia kuezeka upya chuo cha Kurani. Sasa yamezuka mambo mawili. Wenzetu hao wanataka turushe na sala ya Ijumaa ili wamfuate imamu wetu wakiwa majumbani mwao. Na wanataka kila mwisho wa mwezi tuandike katika kundi la WhatsApp jina la kila aliyetoa pamoja na kiasi alichotoa. Wazee wa hapa wananung'unika kwamba msikiti umekuwa wa watu wa ng'ambo. Tufanyeje? – Katibu, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu Katibu. Nianze na sala, kwa kuwa hilo lina mipaka iliyokwisha kuwekwa na wanazuoni kabla ya simu kujulikana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu walio wengi wa visiwa vyetu, maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, na imamu wake wanatakiwa wawe wamekusanyika mahali pamoja. Wakiwa wote ndani ya msikiti, umbali baina yao haudhuru maadamu maamuma anajua imamu anafanya nini. Mmoja wao akiwa nje, umbali usizidi dhiraa 300, yaani kama mita 150 hivi, na kusiwe na kizuizi kinachomzuia kumfikia imamu au kumwona. Aliyeko Muscat yuko nje ya mpaka huo kwa bahari nzima. Ni kweli kwamba katika karne iliyopita Sheikh Ahmad bin Siddiq al-Ghumari wa Morocco aliandika akijuzisha sala ya Ijumaa nyuma ya redio, lakini kauli yake imebaki ya wachache, na mwaka 2020, misikiti ilipofungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya maradhi ya korona, wanazuoni walio wengi walishika msimamo kwamba asiyeweza kufika msikitini asali adhuhuri nyumbani kwake na si Ijumaa ya kwenye kioo.

Tena hata aliyevutiwa na kauli hiyo ya wachache angekwama kwenye saa. Imamu wenu akipanda mimbari saa sita na nusu mchana, London huwa ni saa tatu na nusu asubuhi wakati wa baridi na saa nne na nusu wakati wa joto. Adhuhuri ya London haijaingia, na kwa Mashafi na wanazuoni walio wengi sala ya Ijumaa haisihi kabla ya wakati huo kuingia. Huko Muscat saa huwa ni saba na nusu mchana, wakati ambapo misikiti ya mjini humo imekwisha kusali Ijumaa na watu wametawanyika, kwa hiyo anayekaa nyumbani kungojea khutba ya Wete anaiacha Ijumaa iliyomwajibikia ili apate ile isiyomwajibikia. Mwambieni kwa upole kwamba fadhila ya sala ya jamaa kuizidi sala ya mtu peke yake kwa daraja 27, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, anaipata katika msikiti wa mtaani kwake, pamoja na majirani ambao huenda hajawahi kuwapa mkono.

Khutba yenyewe mnaweza kuirekodi na kuwapelekea wakaisikiliza baadaye kama mawaidha, wala hakuna neno. Hapa kwetu watu wamesikiliza darsa za Ramadhani na adhana kwa redio miaka mingi, na sijamsikia mtu aliyetandika mswala mbele ya redio akanuia kumfuata aliyemo ndani yake. Darsa, tafsiri, dua, kisomo cha maulidi na kumsomea maiti khitma kwa kugawana juzuu baina ya walioko huku na walioko kule, yote hayo yanawezekana kwa simu, na mimi naona mmefanya jambo kubwa. Shauri langu dogo tu ni kwamba mrushe sauti bila ya picha, kwa kuwa bando ni ghali kwa mzee aliyeko kijijini kuliko kwa kijana aliyeko London, na kwa kuwa picha inayozungushwa msikitini huwanasa watu, hasa akina mama na watoto, ambao hawakuombwa ridhaa.

Sasa majina. Kurani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 271, inasema kwamba sadaka ikidhihirishwa ni vyema, na ikifichwa ikapewa mafakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo kutangaza si haramu, na kuna wakati mtu mmoja akitoa hadharani wengine huhamasika. Lakini orodha ya kila mwezi yenye majina na viwango ni kitu kingine: inamfanya mwenye rial 50 aonekane mtu na mwenye shilingi 2,000 aonekane si mtu, na baada ya miezi michache yule wa shilingi 2,000 hujitoa katika kundi kimyakimya, na darsa huiacha pia. Aya ya 264 ya sura hiyohiyo inakataza sadaka isiharibiwe kwa masimbulizi na maudhi. Kinachotakiwa kutangazwa, na kutangazwa kwa ukamilifu, ni jumla iliyoingia, kila kilichotumika na kilichobaki, pamoja na picha za risiti za mabati, misumari na mbao. Kila mtoaji apate ujumbe wake peke yake kwamba fedha zake zimefika. Nina dhana kwamba wengi wanaodai majina yaandikwe hawataki sifa. Wanataka hakika kwamba fedha hazikuishia njiani, na kwa hilo wana haki kamili.

Nimelichelewesha la wazee kwa makusudi, kwa sababu naliona ndilo zito kuliko yote uliyoyauliza. Wazee hawa walichota mchanga, walibeba mawe, walipika futari kila Ramadhani, na msimu wa karafuu walitoa kila mmoja kwa kadiri ya alichochuma, na hakuna hata siku moja mambo hayo yaliandikwa mahali. Ghafla mchango umekuwa ni kile tu kinachoingia kwenye simu kwa mlio wa ujumbe. Basi wanapoona kila usiku wanatajwa "ndugu zetu wa nje", wananung'unika, nami nisingewalaumu. Ripoti ya mwezi ianze kutaja pia siku za kazi alizojitolea fundi wa hapo, minazi iliyotolewa kwa boriti, chakula cha mafundi na aliyelala msikitini kulinda saruji, bila ya kuvigeuza kuwa shilingi. Na mambo ya kuamua, kama kipi kianze kujengwa na nani apewe kazi, yaamuliwe katika kikao cha msikitini baada ya sala, kisha walioko mbali wapelekewe na waulizwe rai yao. Isiwe kwamba yameamuliwa usiku wa manane katika kundi la simu na wazee wakaja kuyasikia asubuhi dukani.

Vilevile msiwafanye walioko nje kuwa mfuko. Mtu anayetafutwa wakati wa kuchangishwa tu atachoka, hata akiwa tajiri. Mwenye tajwidi nzuri, yaani anayeisoma Kurani kwa kanuni zake, aliyeko Muscat asomeshe watoto wenu nusu saa kila Jumamosi. Aliyesomea uhasibu akague hesabu zenu. Mzee aliyeko Dar es Salaam anayezikumbuka nasaba za kijiji asimulie vijana nani ni nani. Kamati iweke watu wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ambao kazi yao ni kuangalia nani hakuonekana darsani wiki mbili na kumpigia kumjulia hali. Msiba ukitokea London, jamaa za marehemu waliopo hapo kijijini waendewe nyumbani kwa miguu na mkono wa tanzia, si kuandikiwa "Inna lillahi" mia mbili zilizonakiliwa.

SWALI: Ustadhi, sisi ni kundi la akina mama thelathini na kitu tunaosoma darsa pamoja kwa simu, wengi tukiwa Mwanakwerekwe na Jang'ombe na wengine Pemba. Tulikuwa tukichanga kila mwezi kwa ajili ya kusaidiana katika misiba na maradhi, na fedha zilikaa kwenye namba ya simu ya mweka hazina wetu. Mwenzetu huyo amefariki dunia, Mungu amrehemu. Watoto wake wanasema zilizomo kwenye simu ni mirathi ya mama yao. Tunaona haya kudai. – Bi M., Unguja.

JIBU: Mungu amsamehe marehemu na akupeni subira, Bi mkubwa. Msione haya. Fedha hizo ni amana iliyokuwa mikononi mwa marehemu, si mali yake, na kabla ya mirathi kugawiwa hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni na amana za watu, kisha wasia usiozidi theluthi. Warithi huja mwisho. Kuzinyamazia ni kumwachia marehemu deni, na naamini watoto wake wakielezwa hivyo na mtu mzima wanayemheshimu wataelewa, kwani wao si wezi; wameona tu fedha zimeandikwa jina la mama yao.

Na kweli zimeandikwa jina lake, hapo ndipo palipo na tabu. Laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu na alama za vidole vyake, na kampuni ya simu haijui habari za kundi lenu. Humlipa msimamizi wa mirathi atakayekuja na karatasi zinazotakiwa. Kwa hiyo kusanyeni daftari, jumbe za kila mmoja wenu zinazoonyesha alituma lini na kiasi gani, na ujumbe wowote ambao marehemu mwenyewe alitaja jumla iliyopo, kisha muwaendee watoto mkiwa na mashahidi. Ikishindikana kwa wema, mambo ya mirathi ya Waislamu hapa Zanzibar yanashughulikiwa na Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na madai yenu yawasilishwe huko kabla ya mali kugawiwa, maana kuzikusanya fedha zilizokwisha kugawanywa kwa warithi sita ni kazi nyingine.

Kuanzia sasa fedha zisikae kwenye namba ya mtu. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu na ambayo haitoki shilingi mpaka wawili watie saini. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma zinazofuata sharia za Kiislamu kwa wanaochelea riba. Benki itakutakeni katiba ya kikundi na usajili, jambo ambalo akina mama wengi huliogopa, lakini katiba ya kurasa tatu inatosha ikiwa imesema nani anachanga, nani anasaidiwa, na fedha zinakwenda wapi kikundi kikivunjika.

SWALI: Ninafanya kazi nje ya nchi na nimewekeza kidogo. Je, naweza kutuma zaka yangu kwa simu kwa kamati ya msikiti wa kwetu Chake Chake ili wamalizie kujenga mnara? – Msomaji wa ughaibuni.

JIBU: Kwa mnara, hapana. Zaka imewekewa mafungu manane katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, nayo huanza na mafakiri na masikini. Wanazuoni walio wengi hawalihesabu jengo la msikiti kuwa ndani yake. Mnara tolea sadaka, au uweke wakfu, ambao milango yake ni mipana zaidi.

Kuhusu kuituma, kauli inayotegemewa kwa Mashafi ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji ilimo mali iwapo mji huo una wanaostahiki. Wako wanazuoni wengine waliojuzisha kuihamisha penye haja kubwa zaidi au kwa jamaa masikini, na watu wetu wengi wa ughaibuni hufuata hiyo, nami siwakatazi. Ila ukiwa na masikini jirani yako huko uliko, usimruke. Kabla ya kutuma, hakikisha kwamba mali yako imefika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na imetimiza mwaka wa hijria, ndipo utoe asilimia 2.5. Nuia zaka unapoitenga au unapoituma, na uandike katika ujumbe kwamba ni zaka, ili kamati isiichanganye na fedha za mabati. Wape jukumu la kuwapa watu, wakiwataja kwako kwa faragha ukitaka kujua, na wasiitie kwenye ripoti ya kundi. Makato ya kutuma na ya kutoa yalipe wewe juu yake: ikiwa zaka yako ni shilingi 400,000, fakiri apokee 400,000 kamili, na wakala apate chake kutoka mfukoni mwako. Ukiwa na shaka juu ya hisa na faida ulizowekeza, waandikie Ofisi ya Mufti Mkuu wa Zanzibar ukiwa na hesabu mkononi, kwani swali la zaka lisilo na tarakimu hujibiwa kwa maneno ya jumla.